Kivuko cha Tereza na Daraja la Victor

Saa moja na nusu asubuhi, Kirumba, Mwanza. Chini, kwenye barabara inayoshuka Mwaloni, wapagazi wanapita na magunia ya dagaa mabegani huku wakipiga mluzi watu wapishe. Juu, ghorofa ya pili ya jengo linalouza nyavu na maboya, Tereza Chenge ameikodolea macho kompyuta yake. Kwenye skrini hakuna picha hata moja. Ni dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani: majina ya vituo yamepangwa moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina pameandikwa “hewani” au “kimekatika”.

Mlango unafunguliwa, anaingia kijana mrefu mwenye begi mgongoni.

“Shikamoo, dada Tereza.”

“Marahaba,” anajibu Tereza, kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

Kijana huyo ni Victor Okwach. Leo saa kumi jioni, programu aliyoitengeneza Victor itatumwa kwenye vituo vyote vya intaneti ambavyo kampuni yao ndogo inavihudumia kandokando ya Ziwa Victoria. Ikishaingia, programu aliyoitengeneza Tereza itafutwa. Na kuna jambo moja baya kuhusu programu ya Victor ambalo Victor halijui. Tereza analijua. Amekaa nalo kimya tangu Alhamisi.

Victor anapotoka kwenda kutafuta chapati, Tereza anamgeukia mwandishi wa habari hii, aliyeketi kando yake.

“Andika kwamba nina wivu,” anasema. “Nyie mkija hapa mtaandika ‘changamoto’. Hii siyo changamoto. Ni wivu, na unauma kama jino.”

Tereza ana umri wa miaka thelathini na saba. Kazi yake ni kuhakikisha vituo havipotei hewani: mialo wanakoshushia samaki wavuvi, zahanati, shule za sekondari na nyumba za wageni, kuanzia Mwanza mjini hadi visiwani. Kila kituo kina kompyuta ndogo ya ukubwa wa kopo la siagi, na kila kompyuta ina njia mbili za kufika kwenye intaneti. Ya kwanza ni mnara wa kampuni. Ya pili ni laini ya simu, ya akiba, kwa siku ambazo mvua inapiga na mnara unayumba.

Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine ndiko kulikowatoa watu jasho. Zamani mhudumu wa kituo alitakiwa kuandika amri ndefu za Kiingereza, na herufi moja ikikosewa, hakuna kitu. Wahudumu wengi si mafundi. Ni makarani wa shule, manesi, wauza samaki. Walipiga simu ofisini, na Tereza akawasomea amri polepole kama anayefundisha chekechea.

“N ya Nyegezi, K ya Kirumba. Nilikuwa nasema hivyo mpaka nikiwa sokoni na watoto wangu,” anakumbuka.

Ndipo akatengeneza Kivuko. Ni programu ya maandishi matupu, haina picha wala haihitaji mausi. Mhudumu anaona orodha ya njia zake, anapanda na kushuka kwa vitufe vya mishale, anachagua. Inamuuliza kwa Kiswahili kama kweli anataka kuhama, anabonyeza N kwa ndiyo, imekwisha.

Wapo waliomcheka kwamba karne hii mtu anatengeneza kitu kisicho hata na rangi. Hawakujua walichokuwa wanacheka. Mtandao ukiwa unachechemea, picha hazipiti, maandishi hupenya. Fundi aliyeko Kirumba anaweza kukiingia kituo cha kisiwani akiwa mbali na kukitengeneza kwa maandishi hayo hayo, siku ambayo hata picha ya WhatsApp imekataa kufunguka.

Kivuko kilimchukua miaka miwili ya Jumapili baada ya misa. Mshahara wake haujafika laki saba, na kompyuta ya mkononi aliyoandikia aliinunua ikiwa imetumika, kwa zamu yake ya upatu.

“Nilikipenda,” anasema. “Mtu akinipigia na kusema, mama, Kivuko kimenivusha leo, nilikuwa nashinda nacheka.”

Amezaliwa Kisesa, karibu na Bujora. Marehemu baba yake alikuwa mpiga ngoma wa Wagalu, na anayejua ngoma za Wasukuma anajua maana yake. Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, mahasimu wa tangu na tangu. Wakikutana, kama kwenye sherehe za Bulabo kila Juni, hawasubiriani zamu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, huyu upande huu wa uwanja na yule upande ule, na watazamaji hukimbilia kunakowaka. Aliyekimbiwa ameshindwa, hana wa kumkatia rufaa.

“Nimekulia kwenye nyumba inayohesabu watazamaji wa jirani,” anasema Tereza. “Baba alikuwa anapiga ngoma yake, jicho liko kule. Sisi wivu hatukuuokota barabarani.”

Victor alikuja kujifunza kazi miaka mitatu iliyopita, akitokea Shirati mkoani Mara. Aliyemfundisha ni Tereza. Alimwonesha jinsi ya kubana nyaya, jinsi ya kukagua mnara, jinsi ya kuingia kituoni kwa mbali. Kijana alikuwa msikivu na mwenye adabu, kosa pekee ambalo Tereza hakuweza kumsamehe baadaye. Maana mwenye kiburi unaweza kumchukia ukalala vizuri. Mwenye adabu unamchukia na dhamiri inakusuta.

Mwaka jana Victor akaja na programu yake. Nayo ilikuwa ya maandishi, nayo ya kuhamisha njia. Akaiita Daraja.

Ikumbukwe hapo ndipo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa, magari yanapita juu ya maji, na watu wa Mwanza hawana mazungumzo mengine. Ofisini utani ukaanza siku hiyo hiyo. “Jamani, daraja likifunguliwa, kivuko kinakwenda wapi?” Victor aliapa kwamba jina lilimjia tu.

Tereza alimwamini, na hilo likamuumiza zaidi. “Angekuwa ananichokoza ningemsamehe,” anasema. “Lakini hakunifikiria kabisa. Mtu anakupita barabarani na hata honi hapigi.”

Mume wake, Alexander, ni mwalimu wa sekondari. Anasema jina la Victor lilihamia nyumbani kwao bila kulipa kodi. “Tukila, Victor. Tukilala, Victor. Nikamuuliza, mke wangu, hivi na mimi nianze kuona wivu?”

Kulikuwa na kitu kimoja ndani ya Daraja kilichomkosesha Tereza usingizi. Mtu akiingia kituoni kwa mbali, anapita kwenye njia fulani, tuseme mnara. Akiuzima mnara huo huo akiwa ndani, amekata tawi alilokalia: mawasiliano yanakatika, na njia ya kurudi kurekebisha hana. Mafundi wa mtandao wote wameshafanya kosa hilo, na wote hulificha. Daraja lilikuwa na dawa yake. Baada ya kuhamisha njia, linasubiri dakika moja na kuuliza: “Bado upo?” Asipojibu mtu, linarudi lenyewe kwenye njia ya zamani.

“Niliposoma kile kipande nilitaka kulia,” anasema. “Ni kifupi, ni kizuri. Miaka miwili sikukifikiria, na yeye kakifikiria.”

Siku hiyo Victor alivuta kiti, akakaa karibu naye. “Dada, kichukue ukiweke kwenye Kivuko. Ni mistari michache tu.”

“Asante,” Tereza akamjibu. “Kivuko changu kina nahodha.”

Jibu hilo lingekuja kumtokea puani.

Mwenye kampuni, Mzee Jonathan Ngosha, hakuwa na mpango wa kulea programu mbili. Kila mwaka anawaita wahudumu wa vituo kwenye ukumbi mmoja Nyegezi, wale wali, wapewe maelekezo. Mwaka huu aliamua wao ndio waamue. Naye ni mtu wa Kisesa, hivyo hakutaka habari za kunyoosha mikono.

“Nikawaambia, tutafanya kama Wagika na Wagalu,” anasema mzee huyo. “Kompyuta moja kule, nyingine huku. Wote waanze pamoja. Kwenye watu wengi ndipo penye programu yangu.”

Uwanjani wanasema kila kikundi kina dawa yake ya kuvutia watu. Dawa ya Tereza ilikuwa maandazi. Aliamka kuyapika, akayapanga kwenye sinia kando ya kompyuta, akavaa kitenge kipya, na kila aliyeingia akampokea kwa “Mwangaluka” ya Kisukuma hata kama ni Mjita. Mwanzo ulikuwa wake. Wahudumu walikijua Kivuko, walimjua mama wa N ya Nyegezi, wakamzunguka.

Upande wa pili Victor hakuwa na maandazi. Alikifungua kituo cha kweli, mwalo mmoja, akazima njia aliyoingilia mbele ya macho ya watu. Skrini ikaganda. Watu wakashika vichwa. Dakika moja baadaye kituo kikarudi chenyewe, kama mbuzi anayejua njia ya zizini. Ukumbi ukapiga makofi.

“Wakaanza kuniondoka,” anasimulia Tereza. “Mmoja, wawili, halafu kundi. Wanaondoka na maandazi yangu mkononi.”

Wivu ukishapanda kichwani, akili hushuka kumpisha. Tereza akapaza sauti kwamba na yeye atawaonesha kituo cha kweli. Akafungua zahanati moja ya kisiwani, akaingia kwa kupitia mnara. Kisha akachagua kuhamia laini ya simu. Kivuko kikamuuliza kwa upole kama ana hakika. Akabonyeza N.

Laini ile bando lake lilikuwa limeisha, na hakuwa ameangalia. Skrini ikaganda. Akasubiri. Akabonyeza kila kitufe anachokijua. Dirisha jeusi likamtazama tu.

Hakuna aliyezomea. Walicheka, kile kicheko cha watu ambao kila mmoja yamewahi kumkuta. Karani mmoja mzee akamwambia, bado anatafuna, “Mama, umefunga mlango na ufunguo umeuacha ndani.”

Mzee Jonathan akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akasema Daraja. Halafu akaongeza, “Tereza, utakwenda kisiwani ukaifufue hiyo zahanati. Ukimaliza, uweke Daraja, tulijaribu hapo kwanza.”

Alivuka ziwa kwa boti ya injini, Alhamisi, begi la vifaa mapajani. Anasema njia nzima alikuwa anatunga maneno ya kumwambia Victor, mabaya yote. Zahanati ile ina nesi mmoja, Sabina Aluoch, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, naye alimpokea pale ufukweni.

“Pole na ziwa,” Sabina akamwambia. “Mimi nilidhani ni mvua.”

Tereza hakumsahihisha. Akaweka bando kwenye laini, akaiwasha tena njia ya mnara, kituo kikarudi hewani. Kisha akafanya alichotumwa: akaweka Daraja. Akalijaribu kwa kuhamisha njia, na katikati ya ile dakika ya kusubiri, umeme ukakatika, kama unavyokatika siku zote huko.

Uliporudi, kituo hakikuijua njia ya zamani wala mpya. Kilikuwa kimesahau zote.

Alielewa baada ya kusoma kidogo. Wakati wa kusubiri, Daraja huifuta njia ya zamani, na kuzishika zote mbili kwenye kumbukumbu ya muda tu, ile inayopotea umeme ukizima. Hakuna zilipoandikwa. Ili ahakikishe, Tereza akarudia, safari hii akichomoa waya wa umeme kwa mkono wake. Matokeo yakawa yale yale.

“Nilicheka peke yangu mpaka nesi akaja kuangalia kama niko mzima,” anasema.

Akairudisha njia ya zamani kwa mkono, akaliacha Daraja humo, akaaga, akapanda boti. Ofisini akaripoti kwamba zahanati iko hewani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Jumatatu saa kumi jioni, Daraja litaingia kwenye vituo vyote kwa mpigo, na likiingia hujijaribu kwa kuhamisha njia, hivyo kila kituo kitapita kwenye ile dakika ya kusubiri. Ni msimu wa mvua. Ufukwe wote huu, umeme hauwezi kukosa kukatika mahali. Vituo kadhaa vitapotea. Mzee Jonathan ataita kikao, Victor atainamisha kichwa, na mtu atasema, jamani, turudisheni Kivuko.

“Niliipanga yote,” anakiri bila kupepesa macho. “Hata gauni nitakalovaa siku ya kikao nilishalichagua. Jumapili kanisani niliombea kila mtu, wagonjwa, wasafiri, serikali. Victor nikamruka.”

Ndivyo ilivyokuwa hadi asubuhi hii ya Jumatatu, mwandishi akiwa kitini na Victor akiwa amerudi na chapati zake, moja akiwa amemletea Tereza. Simu inaita. Ni Sabina wa kisiwani. Tereza anaweka sauti ya nje huku mkono mwingine uko kwenye kibodi.

“Mama Tereza, za asubuhi. Hiyo programu ya jioni, ikiniuliza kama bado nipo, nijibu nini?”

“Utabonyeza N. Kwani una wasiwasi?”

“Hapana. Wewe ndiye uliyeniwekea, sina wasiwasi. Ila nina mzazi hapa, uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya. Daktari wa ng'ambo ananielekeza kwa video. Jioni naye nitakuwa bado namhitaji. Nasema tu mjue.”

Tereza anaondoa mkono kwenye kibodi. Nje honi ya lori inalia. Uso wake umekuwa wa mtu aliyeitwa jina lake kamili.

“Nimesikia,” anasema, na kukata simu. Kisha, bila kugeuza kichwa: “Victor. Njoo uone kitu.”

Anamwonesha kwenye kompyuta ya majaribio iliyoko mezani. Anahamisha njia kwa Daraja, dakika inaanza kuhesabu, anachomoa waya. Anaurudisha. Kituo kinaamka kimesahau kila kitu. Victor anainama kuelekea skrini, chapati mkononi.

“Umejua lini?”

“Alhamisi.”

“Alhamisi,” anarudia Victor. Anaweka chapati mezani. “Na ungenyamaza mpaka saa kumi.”

“Nilitaka,” anasema Tereza. “Nilitaka sana.”

Ni mara ya kwanza, anasema baadaye, kumwona Victor amekasirika. Kijana anakwenda dirishani, anasimama huko akiwapa mgongo. Hamwiti dada. Tereza naye haombi radhi kwa maneno. Anavuta kibodi na kuanza kuandika, na Victor, kwa kuwa jioni inakuja na hasira haitengenezi kituo, anarudi kukaa.

Anachoandika Tereza ni kifupi. Kabla ya kugusa chochote, Daraja linaiandika njia ya zamani mahali pa kudumu. Umeme ukikatika katikati, kituo kikiamka kinasoma pale kwanza, kinarudi kilikotoka, ndipo kinaendelea. Wanajaribu, wanachomoa waya. Kituo kinarudi. Wanachomoa mapema zaidi, wanachomoa sekunde ya mwisho. Kinarudi.

Victor anausoma ule mstari wa mwisho kwa muda mrefu.

“Hii umeifikiria lini?”

“Kwenye boti, narudi.”

“Kwenye boti,” anasema Victor, taratibu. Hasifu wala hatabasamu. Anausoma tena.

Saa kumi jioni Daraja linaondoka. Wafanyakazi wote wamejazana nyuma ya kiti cha Victor, Mzee Jonathan katikati. Majina ya vituo yanabadilika moja moja: kimekatika, kimekatika, hewani. Mwalo mmoja unakatikiwa umeme katikati ya dakika, na wote wanaisogelea skrini. Baada ya muda unarudi, na mbele ya jina la mwalo panaandikwa “hewani”. Zahanati ya kisiwani ilikwisha kurudi kabla yake. Baadaye Sabina atatuma ujumbe kwamba mtoto ni wa kike, mzito, na mama yake anakunywa uji.

Watu wanampigia Victor makofi, wanamshika mabega. Ni programu yake. Mstari wa Tereza umo ndani, ambako ni mafundi tu wanaotazama. Naye anapiga makofi, machache, kisha anajiondoa kwenda kwenye meza yake, anakifungua Kivuko na kukifuta kwa mkono wake mwenyewe. Anasema hakutaka kifutwe na mtu mwingine.

Macho yake ni mekundu. Anayafuta kwa ncha ya kitenge.

“Usidhani umeisha,” anamwambia mwandishi. “Wivu haujaisha. Kumwambia nimemwambia, lakini kunauma vilevile.”

Anapanga kutengeneza nyingine. Ameshaanza kuichora kichwani, lakini jina lake halitaji, utani wa kivuko na daraja umemtosha. Safari hii anataka mhudumu aweze kuona vituo vya jirani zake pia, ili cha mwalo kikianguka, cha shule kikiazime njia. Itamchukua Jumapili nyingi. Alexander ameshaambiwa.

Anaulizwa kama anachotaka ni kumshinda Victor mbele ya watu wale wale wa Nyegezi. Tereza anatazama upande wa pili wa chumba. Makofi yamekwisha, watu wametawanyika, na kijana ameinama peke yake mbele ya skrini.

“Kumshinda ni kwa siku moja,” anasema. “Mimi nataka siku moja asome nilichoandika, anyamaze, aende nyumbani chakula kimshinde. Asinishukuru. Anionee wivu.”